Biarusi Ndani ya Diski

Kitasa cha mlango kilizunguka, kikasita, kikazunguka tena.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, wasomaji waheshimiwa, na nimeambiwa kuna mama mmoja wa Tiwi aliyeunguza wali akiwaza ni nani aliyekuwa nje ya mlango ule. Nampa pole kwa niaba ya gazeti. Sasa aipue sufuria, asome.

Tulikuwa watatu katika ofisi ya hoteli kule Galu: mimi Nthambi, mwenzangu wa dawati shuleni Mejumaa, na Dada Mercy, karani mwenye kompyuta. Kwenye kioo cha kompyuta, sura ya dada yake Mejumaa, biarusi Mwanasha, ilikuwa ikishuka polepole kama pazia. Kwanza nywele na kikuba cha asumini. Kisha paji la uso. Kisha nyusi. Mabega yalikuwa njiani yanakuja, na mabega yale hayakuwa na kitu.

Kwa yule aliyefungia maandazi gazeti la wiki iliyopita kabla ya kulisoma, nitasema kwa ufupi. Jumapili, Msambweni, Mwanasha alipambwa akatolewa kuonyeshwa mbele ya wanawake. Wanawake peke yao. Mabuibui yalivuliwa yakarundikwa chumbani, kila mtu na nywele zake, kila mtu na shingo yake. Mpiga picha aliyekodiwa, mama mmoja wa Mombasa, aliumwa na jino, hakuja. Kazi nikapewa mimi kwa sababu mbili: ni msichana, na nilikuwa na kamera ya ajabu ambayo mgeni Mjerumani alimwachia mjomba wangu Munyoki, mpishi wa hoteli. Kamera ile haili filamu. Inameza diski za kompyuta, zile bapa za mraba, na kila moja hubeba picha ishirini. Nikajaza diski tatu.

Shughuli ilipokwisha, Shangazi Mwanamisi alisimama mbele ya wanawake mia akaapa kwamba hakuna jicho la mwanamume litakaloziona picha zile. Kisha akanigeukia.

"Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, Shangazi," nikajibu, kwa sauti ninayomjibia mwalimu wa zamu.

Sasa ilikuwa Alhamisi. Ijumaa baada ya sala, Mwanasha angevushwa Lunga Lunga kwenda Tanga kwa mumewe, na albamu iwe mapajani mwake. Picha zilikuwa sitini. Zilizokwisha kuchapwa hazikuwepo hata moja.

Na kitasa kilikuwa kikizunguka.

Mejumaa hakungoja. Alijivua leso ya begani akaitupa juu ya kompyuta, kama mtu anayemkamata kuku. Mlango ukafunguka. Aliyeingia alikuwa Chome, fundi wa mashine za hoteli, mkononi bisibisi, mdomoni nusu ya sambusa.

"Hamjambo humu. Mbona kompyuta imevaa leso?"

"Ina homa," nikasema.

"Homa?"

"Tangu asubuhi. Tumeifunika itoke jasho."

Chome akameza sambusa. "Homa ya kompyuta ina daktari wake, na daktari ni mimi. Hebu nimwone mgonjwa."

Akanyoosha mkono. Ulikuwa umebaki upana wa kidole kufika kwenye leso, Mejumaa akasema kwa adabu kubwa:

"Kaka Chome, kwa hisani yako. Mgonjwa huyu ni mwanamke."

Chome aliurudisha mkono kana kwamba amegusa pasi ya moto. Akatutazama mmoja mmoja. Akaiona hina ya shughuli mikononi mwa Mejumaa. Akaelewa.

"Si mngesema tangu mwanzo," akanung'unika, akageuka ukutani. Tangu dakika ile hadi tulipoondoka, kila neno alilosema alilielekeza kwenye kalenda.

"Dada Mercy," nikasema, "tuchape moja ya kujaribu."

Mashine ya kuchapa ilikohoa, ikalia, ikavuta karatasi, ikafikiri. Ikaanza kumtoa Mwanasha mstari kwa mstari, huku Mejumaa ameishikilia leso juu ya tundu kama mkunga.

Mwanasha akazaliwa. Alikuwa wa kijani.

Si kijani kidogo. Uso wa embe bichi, shingo ya mgomba, na meno ya rangi ambayo sijapata kuiona kwa binadamu aliye hai.

"Sauti hiyo naijua," Chome akaiambia kalenda. "Wino mwekundu umekwisha."

"Uko mwingine?"

"Umeagizwa."

"Lini?"

"Mwezi wa tano."

Tulikuwa mwezi wa nane.

Mejumaa akaitazama picha ya dada yake, chozi likamtoka, likaangukia karatasi. Hapo hapo hina ya Mwanasha ikatiririka kutoka kiganjani hadi kiwikoni, ikadondoka nje ya picha.

"Hata nikipata wino," akasema Dada Mercy kwa huzuni, "karatasi yenyewe ni ya kuandikia barua. Haivumilii maji."

"Na shangazi yangu lazima atazibusu," akasema Mejumaa. "Akibusu hii, atakwenda sokoni na midomo ya kijani."

Tukaichana vipande, tukavilowesha katika kikombe hadi vikawa uji, tukaumwaga uji. Kama njia zetu zingekuwa vyama vya siasa, chama cha kwanza kilikuwa kimeshindwa uchaguzi.

"Mombasa," kalenda ikaambiwa. "Kuna duka la picha lina mashine mpya inayosoma diski. Unaitia hivi, picha inatoka vile. Rangi kamili, karatasi nzito, hata ukiiosha na sabuni haibadiliki."

Moyo wangu ukaruka. Nilikwisha kuiona ile hina, nyekundu kama ilivyokuwa Jumapili.

"Anayeiendesha ni nani?" akauliza Mejumaa.

"Vijana wanne."

"Wanawake?"

"Wanaume. Lakini wana adabu sana."

"Adabu haifumbi macho," akasema Mejumaa.

Nilikuwa karibu kubishana naye, nakiri. Nilitaka kusema kwamba vijana wale hawamjui Mwanasha, kwamba wanaona picha elfu kwa siku, kwamba kwao uso ni karatasi tu. Maneno yalinifika kwenye ulimi. Badala ya kuyasema nikashika simu ya ofisi, kwa idhini ya Dada Mercy, nikakohoa mara mbili, nikaiteremsha sauti hadi umri wa miaka sitini.

"Halo. Hapo ni dukani kwa picha? Mimi ni Bi Mwenyekiti."

"Shikamoo, Bi Mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Nina picha za akina mama, za ndani. Nataka zichapwe na mwanamke. Mnaye?"

Nikasikia mtu akinong'onezwa.

"Tunaye, Bi Mwenyekiti. Tutamwita dada anayefagia."

"Anaijua mashine?"

"Anaifagia kila siku."

Dada Mercy aliuma kitambaa chake. Mimi nikaendelea kwa uso wa hakimu.

"Na picha zikishatoka, hutokea wapi?"

"Hapa mbele, Bi Mwenyekiti, kwenye kioo! Ndiyo raha ya mashine yetu. Wateja wote wanaona zikishuka moja moja. Tena iliyo nzuri zaidi tunaikuza, tunaitundika dirishani mwezi mzima. Bure!"

Nikamshukuru, nikamwombea dua, nikaweka simu. Nikamwona Mwanasha na mabega yake dirishani mjini, watu wa feri wanapita, na mumewe mmojawapo. Chama cha pili nacho chali.

Dada Mercy akaitoa diski, akanirudishia.

"Shangazi alisema tangu Jumatatu," akasema Mejumaa taratibu. "Alisema, pelekeni kwa Mramba, Ukunda. Mahali petu pa siku zote."

"Na sisi tukacheka," nikasema.

"Wewe ndiye uliyecheka. Ulisema Mramba hajui diski, ataipaka siagi aile. Nyinyi wabara mna haraka ya kucheka."

Ni kweli nilisema hivyo. Naliandika hapa ili nisamehewe.

Saa sita tulikuwa Ukunda, mbele ya kibao kikubwa: MRAMBA, MPIGA PICHA. Mramba mwenyewe alikuwa nyuma ya kaunta, tai shingoni, kichana mfukoni, akimrekebisha mzee mmoja kidevu kwa ajili ya picha ya kitambulisho. Alipomaliza tukamwamkia, tukamweleza yote. Akaichukua diski, akaitazama juu ya taa, akaitikisa sikioni.

"Filamu yake iko wapi?"

"Haina filamu, Mzee Mramba. Picha zimo ndani, lakini mpaka ziwekwe kwenye kompyuta ndipo zionekane."

"Basi rahisi! Ziwekeni kwenye kompyuta, nije na kamera yangu, nipige picha ya kioo. Picha ya picha."

Tulitazamana. Lilikuwa wazo la akili kuliko yote niliyoyasikia siku ile, na limetoka kwa mtu aliyetikisa diski kama nazi.

"Tatizo, mzee," nikasema, "wewe ni mwanamume."

"Nimeambiwa hivyo," akakubali. "Nitafumba macho."

"Utalengaje?"

"Nina uzoefu wa miaka ishirini."

"Wa kulenga ukiwa umefumba?"

"Ukiziona picha zake utaamini," sauti ya mwanamke ikasema kutoka nyuma ya pazia jeusi. "Nusu yake kazipiga hivyo."

Pazia likafunguka. Mama mmoja mnene akatoka akijifuta mikono, na vidole vyake vilikuwa vya kahawia hadi kwenye kucha, kama mtu aliyemenya ndizi mbichi maisha yake yote.

"Mimi ni Kadzo, mke wake. Huyu anafunga tai na kupokea wageni. Kusafisha picha ni kazi yangu. Hajawahi kupita pazia hili."

"Hata chai ananipitishia kwa chini," akathibitisha Mramba, bila aibu.

"Mwaka wa kumi na tano nawasafishia maharusi wa Msambweni," Bi Kadzo akaendelea. "Niliowaona ni wengi. Mmewahi kusikia uvumi? Mmewahi kusikia bega la mtu limezungumzwa sokoni? Mwanamisi kawatuma kwangu. Nyinyi mkasoma kibao."

Wasomaji waheshimiwa, nimesoma shule ya bweni kwa miaka mitatu. Nimefundishwa kusoma vitabu, ramani na majedwali. Wanawake wote wa pwani ya kusini walijua ni nani yuko nyuma ya pazia lile. Mimi nilijua kusoma kibao.

"Tatizo moja, Bi Kadzo," akasema Mejumaa. "Chumba chako ni cha nyeusi na nyeupe. Dada yangu alipambwa rangi."

Bi Kadzo akamshika Mejumaa kidevu.

"Piko alilochorwa mikononi kando ya hina ni rangi gani?"

"Nyeusi."

"Wanja?"

"Mweusi."

"Asumini?"

"Nyeupe."

"Basi rangi unaitakia nini?"

Uchaguzi ukaisha hapo, bila hata kura kupigwa.

Saa nane tulikuwa Galu tena. Bi Kadzo aliziba madirisha ya ofisi kwa leso sita, akasimamisha kamera yake kuukuu juu ya miguu mitatu mbele ya kompyuta, akatukataza kupumua. Chome alisimama nje ya mlango, ameupa mgongo, akiwafukuza wahudumu wa hoteli.

"Kioo kinachowaka hupigwa polepole," Bi Kadzo akatufundisha. "Juzi juzi nilimpiga picha mtoto wa mteja alipotokea kwenye televisheni. Nilikwenda haraka, mstari mweusi ukamkata shingo. Mamake alilia siku mbili. Haya, dada, leta wa kwanza."

Dada Mercy akabofya. Mwanasha akashuka: nywele, paji, nyusi, mabega. Bi Kadzo akahesabu moja, mbili, kwa midomo tu. Kamera ikalia. Wa pili. Wa tatu. Alasiri ilipopita, filamu mbili zilikuwa zimejaa, na wanaume wote wa hoteli walikuwa hawajui lolote isipokuwa kwamba kompyuta ya ofisi ni mgonjwa sana.

Ijumaa asubuhi tukaingia chumba cha giza. Kwa kweli si giza. Kuna taa nyekundu inayofanya kila mtu aonekane ana hasira. Kuna mabeseni matatu na harufu ya siki. Bi Kadzo aliizamisha karatasi nyeupe katika beseni la kwanza, akalitikisa polepole, nami nikaona kitu ambacho shuleni hawakunifundisha: karatasi tupu ikaanza kuota nyusi.

"Subhanallah," akanong'ona Mejumaa.

Mwanasha alitoka. Piko likapanda mikononi mwake kama majani ya mzabibu, jeusi, kali, kila ncha mahali pake. Asumini ikang'aa. Hapakuwa na mstari, hapakuwa na kijani. Alikuwa mzuri kuliko alivyokuwa Jumapili, na Jumapili wanawake watatu walilia.

Tukafanya kazi kama mchwa. Bi Kadzo anazamisha, Mejumaa anasuuza, mimi natundika. Kumi. Ishirini. Thelathini. Saa nane mchana tulikuwa tumevuka hamsini, na nilikwisha kuanza kutunga moyoni hotuba yangu ya kupokea shukrani.

Picha ya hamsini na nne ilikuwa ya wanawake wote pamoja, wakipiga vigelegele. Niliipiga nikiwa juu ya kiti. Ikaota taratibu katika beseni: safu ya mbele, nywele, hereni, shingo, safu ya kati, safu ya nyuma.

Katika safu ya nyuma, pembeni, palikuwa na mmoja ambaye hakuvua buibui.

"Huyu nani?" akauliza Bi Kadzo. "Joto lote lile, kajifunika hivi?"

"Labda mgeni," akasema Mejumaa. "Mwenye haya."

Buibui lilikuwa limemteleza kidogo usoni, nadhani kwa vigelegele. Bi Kadzo akachukua kioo chake cha kukuzia, akainama hadi pua ikakaribia kugusa maji.

"Hapa chini ya pua," akasema. "Ni nini?"

"Kivuli," nikasema upesi.

"Kivuli hakichongwi ncha, mwanangu."

Nikainama. Mejumaa akainama. Vichwa vyetu vitatu vikakutana chini ya taa nyekundu.

Yalikuwa masharubu. Masharubu mazuri, mazito, yaliyochanwa, yenye ncha mbili zilizosokotwa kwa mafuta.

Sote tulikuwa tunahesabu lile lile. Tulilifukuza jicho la mwanamume kutoka Galu hadi Mombasa, tukalifunika kwa leso, tukaligeuza likatazama kalenda. Na Jumapili nzima lilikuwa limekaa ndani, safu ya nyuma, linakula biriani.

Picha zilikuwa salama. Shughuli yenyewe ndiyo iliyoonwa.

"Yarabi," akasema Mejumaa. "Shangazi aliapa."

Na mtu akagonga ukuta nje ya pazia.

"Hodi humo! Kadzo! Zimetoka?"

Ilikuwa sauti ya Shangazi Mwanamisi.

"Bado!" tukapiga kelele wote watatu.

"Bado nini, na gari linaunguruma nje? Mwanasha yumo, mama zake wadogo wamo, wote wanangoja. Kadzo, funika karatasi zako, naingia."

Bi Kadzo alifunga kasha la karatasi. Mejumaa akawasha taa nyeupe kwa kuchanganyikiwa. Mimi nikafanya jambo la kwanza lililonijia: nikaichomoa picha ya hamsini na nne kutoka majini, nikaiweka juu ya bao la mbao, nikaikalia.

Ilikuwa baridi sana.

Shangazi aliingia na buibui lake lote na manukato yake yote. Tukasema shikamoo kwa pamoja kama darasa la kwanza. Hakuitikia. Alikuwa amekwisha kuziona. Alizipitia kwenye kamba moja moja, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila alipofika kwa Mwanasha aligusa ukingo wa karatasi kwa kidole, bila kuusugua. Mwishoni alisimama akitupa mgongo, na mabega yake yakatikisika.

"Mashallah," akasema. "Mashallah, Kadzo."

Akanigeukia. Macho yalikuwa yamelowa.

"Nami nilikuonea shaka, mwanangu. Nikasema, mtoto wa bara, mtundu, atatuaibisha. Nimekosea. Umetuheshimu." Akanishika mkono. "Haya, inuka. Wanawake wako nje. Nimewaambia nitaapa mara ya pili, na wewe utaapa nami, ili Mwanasha aende Tanga kwa amani. Sema kwanza hapa nikusikie. Hakuna jicho la mwanamume."

Bi Kadzo alikuwa akizitazama kucha zake. Mejumaa alikuwa anasali, nadhani, au anahesabu hatua za kufika mlangoni.

"Hakuna..." nikasema.

"Jicho."

"Hakuna jicho..."

Maji yalikuwa yakitoka chini yangu. Yalipita ukingoni mwa bao, yakadondoka, tone, tone, yakaanza kusafiri sakafuni kuelekea kwenye viatu vya Shangazi Mwanamisi. Akayafuata kwa macho kutoka viatuni hadi kwangu. Akanitazama usoni, kisha chini, kisha usoni tena, na tabasamu lake likakunjwa polepole kama mkeka.

"Nthambi," akasema, akinyoosha kiganja. "Nipe hiyo uliyoikalia."